Taji la Alhamisi, kisu cha Ijumaa

Alhamisi ya tarehe 13 Mei 1610, Marie de Médicis alivikwa taji la umalkia wa Ufaransa ndani ya kanisa la Saint-Denis, nje ya Paris upande wa kaskazini. Ijumaa yake alasiri, mumewe, Mfalme Henri IV, alipigwa kisu akiwa amekaa ndani ya gari la farasi katika mtaa mwembamba wa Paris, akafa. Kati ya taji na kisu ulipita usiku mmoja tu.

Mchoraji Peter Paul Rubens wa Antwerp hakuwapo siku ile. Aliichora sherehe hiyo zaidi ya miaka kumi baadaye, kwa rangi za mafuta, juu ya turubai lenye kimo cha sentimita 394 na upana wa sentimita 727. Leo picha hiyo imetundikwa katika jumba la makumbusho la Louvre, ndani ya ukumbi uliotengwa kwa ajili yake na wenzake 23 waliozaliwa na agizo moja. Ukiitazama juujuu utaona fahari tu: majoho, makardinali, kola za lesi, dhahabu inayomwagika kutoka juu. Ukiitazama huku unajua kilichotokea kesho yake, na zaidi kilichotokea miaka saba baadaye, unamwona mama mmoja anayejitetea mbele ya mwanawe. Mimi naiona picha hii kama hati ya utetezi iliyoandikwa kwa brashi, na kila aliyechorwa ndani yake ameitwa kutoa ushahidi.

Tuanze na jengo. Saint-Denis lina jina la Denis, askofu wa kwanza wa Paris, aliyeuawa kwa ajili ya imani yake katika karne ya tatu. Kwa karne nyingi lilikuwa kanisa la watawa wa Kibenediktini. Cheo cha kanisa kuu la jimbo lilikipata mwaka 1966. Lakini ukiwauliza wanahistoria wa ujenzi mtindo wa Gothiki ulizaliwa wapi, wengi watakupeleka hapa. Abate Suger, aliyewaongoza watawa hao kuanzia 1122, aliona kanisa lake la zamani ni dogo na lina giza. Akajenga upya uso wa mbele, kisha upande wa madhabahu, uliotabarukiwa tarehe 11 Juni 1144. Humo matao yamechongoka badala ya kuwa duara, dari linabebwa na mbavu za mawe, na kwa kuwa mzigo umeshushwa kwenye nguzo, ukuta ulipata nafasi ya kufunguliwa madirisha makubwa ya vioo vya rangi. Msomaji aliyewahi kuingia Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu pale Dar es Salaam, lililojengwa na wamisionari Wajerumani kati ya 1897 na 1902, ameyaona matao ya ukoo huohuo. Kuanzia 1231 sehemu ya katikati ya Saint-Denis nayo ilijengwa upya, mawe yakazidi kupungua na vioo vikazidi kutawala.

Wafalme wa Ufaransa kwa desturi walivikwa taji Reims, lakini walizikwa Saint-Denis. Wafalme 42 na malkia 32 walilazwa chini ya sakafu yake. Wake zao ndio waliozoea kuvikwa taji hapahapa, karibu na makaburi ya waliowatangulia. Kwa Henri IV, kanisa hili lilikuwa na jambo la ziada. Alilelewa Mprotestanti, akarithi ufalme wa Kikatoliki, na Paris ikamfungia milango. Tarehe 25 Julai 1593 aliingia Saint-Denis akaukana Uprotestanti mbele ya maaskofu. Mwaka uliofuata alivikwa taji huko Chartres, kwa sababu Reims ilikuwa bado mikononi mwa maadui zake. Kwa hiyo Marie alipopiga magoti pale mwaka 1610, alikuwa anapiga magoti mahali ambapo mumewe alikuwa ameununua ufalme wake kwa kiapo.

Swali ambalo mtu yeyote makini angeuliza ni hili: kwa nini wakati ule? Marie, binti wa ukoo wa Medici wa Firenze, alifunga ndoa na Henri mwaka 1600. Hadi kufika Mei 1610 alikuwa amemzalia watoto sita, wa kwanza akiwa Louis, mrithi wa kiti, aliyezaliwa Septemba 1601. Karibu miaka kumi ilipita bila taji. Henri hakuwa na haraka. Kilichombadilisha ni vita. Katika majira ya kuchipua ya 1610 alikuwa anaandaa jeshi kwenda upande wa mto Rhine, kwenye ugomvi wa urithi wa Jülich na Cleves, na alikusudia kuondoka mwenyewe siku chache baadaye. Alihitaji mtu wa kumwachia nyumba, na mtu huyo awe na heshima isiyo na shaka. Taji la Saint-Denis lilikuwa na kazi ya kiserikali. Jumapili ya tarehe 16 Malkia alitarajiwa kuingia Paris kwa maandamano makubwa.

Maandamano hayo hayakufanyika. Ijumaa ile Henri alitoka kwenda kumjulia hali waziri wake Sully, aliyekuwa mgonjwa. Gari lake likakwama katika mtaa wa Ferronnerie, mikokoteni ikiwa imeziba njia. François Ravaillac, Mkatoliki mwenye msimamo mkali aliyeamini kuwa mfalme anakwenda kupigana na Wakatoliki wenzake, akapata upenyo, akapanda kwenye gurudumu na kumchoma. Siku hiyohiyo Bunge la Paris, ambalo wakati ule lilikuwa mahakama kuu, lilimtangaza Marie kuwa mshika utawala kwa niaba ya mwanawe. Kesho yake Louis, mtoto wa miaka minane, aliketishwa mbele ya mahakimu ili kuthibitisha uamuzi huo. Kama sherehe ya Saint-Denis ingesogezwa mbele kwa siku mbili, Marie angekuwa mjane mgeni asiye na taji, anayeomba madaraka kutoka kwa watu waliomwona ni Mwitalia tu. Ukaribu wa tarehe hizo ulimwokoa, na ukaribu huohuo ulizaa minong'ono iliyomfuata maisha yake yote. Julai ilipoingia, Saint-Denis ilikuwa imekwisha kufunguliwa tena kumpokea Henri, safari hii kwa mazishi.

Alitawala kwa miaka saba. Alikuwa na makosa yake, na kubwa lilikuwa kumpa nguvu kupita kiasi Concino Concini, Mwitalia mwenzake, mume wa mwanamke aliyekuja naye kutoka Firenze. Louis alipofikisha umri wa miaka 15 alichoka. Tarehe 24 Aprili 1617 Concini aliuawa kwenye mlango wa Louvre kwa amri ya mfalme kijana, na Marie akapelekwa Blois, akae huko chini ya ulinzi. Februari 1619 alitoroka usiku kupitia dirishani. Yakafuata mapigano madogo kati ya jeshi la mama na jeshi la mwana, kisha suluhu, kisha kurudi Paris. Mwanzoni mwa 1622 alikuwa amerejea kwenye baraza la mfalme, na mnamo tarehe 26 Februari mwaka huo alitia saini mkataba na Rubens.

Hapo ndipo picha ilipoanzia: katika nyumba iliyotoka vitani yenyewe kwa yenyewe. Marie alikuwa anajenga jumba jipya, Luxembourg, kazi iliyoanza mwaka 1615 chini ya msanifu Salomon de Brosse, na ambalo leo ndilo makao ya Seneti ya Ufaransa. Lilikuwa na kumbi mbili ndefu. Moja ingesimulia maisha yake, nyingine maisha ya marehemu mumewe. Mkataba ulitaka picha 24 za ukumbi wa kwanza, na ulisisitiza kwamba maumbo ya watu yachorwe kwa mkono wa Rubens mwenyewe, kwa kuwa karakana yake ya Antwerp ilijaa wasaidizi hodari na wanunuzi walilijua hilo.

Rubens alikuwa na umri wa miaka 44. Hakuna mchoraji kaskazini ya milima ya Alpi aliyekuwa na jina kama lake, na alikuwa na bahati ambayo wachoraji wengine hawakuwa nayo: alikuwa amemwona Marie akiolewa. Tarehe 5 Oktoba 1600, katika kanisa kuu la Firenze, Marie alifungishwa ndoa kwa uwakilishi, baba yake mdogo akisimama mahali pa Henri. Kati ya wageni alikuwapo Duke wa Mantua, mume wa dada yake Marie, na katika msafara wa Duke huyo alikuwapo kijana Mfleming aliyeajiriwa kama mchoraji. Kijana huyo ni Rubens. Ndoa ile nayo ameichora katika mfululizo huu, na wengi humtambua yeye mwenyewe katika sura ya kijana aliyeshika msalaba nyuma ya bibi harusi. Kwa sherehe ya Saint-Denis hakuwa na kumbukumbu ya macho. Alitegemea taarifa, majina, ushauri wa watu wa Malkia na wa rafiki yake msomi Peiresc, na ujuzi wake wa jinsi umati unavyokaa ndani ya kanisa kubwa. Michoro yake midogo ya majaribio ya picha hii bado ipo, mmoja Munich na mwingine St Petersburg. Humo unamwona akitafuta mpangilio kwa haraka, kabla hajagusa turubai kubwa.

Sasa tuisogelee. Macho yanaanzia kwenye joho. Ni la buluu, limetapakaa maua ya yungiyungi ya dhahabu, alama ya wafalme wa Ufaransa, na pindo lake ni manyoya meupe yenye vidoa vyeusi. Marie amepiga magoti, na uzito wa kitambaa kile unaonekana mpaka unahisi mgongo wake. Kardinali de Joyeuse anainama kumwekea taji. Karibu naye, kuelekea ukingo wa kulia, wekundu wa makardinali unawaka, na wekundu huo Rubens aliutumia kwa hesabu: uonekane kutoka mbali, kwa sababu picha ilikusudiwa mwisho wa ukumbi mrefu ambako mtu angeiona tangu alipoingia mlangoni. Hii ndiyo Baroko kwa vitendo. Mchoraji wa karne iliyotangulia angewapanga wahusika kwa safu zilizonyooka. Rubens anawaburuta wote katika mkondo mmoja unaojipinda, vitambaa vikivuta, vichwa vikigeuka, mpaka mkondo wote unaishia kwenye mikono miwili ya kardinali na nywele za mwanamke mmoja.

Lakini walio nyuma ya Malkia ndio walionishika. Princess de Conti na Duchess de Montpensier wamebeba pindo la joho. Louis, mrithi, yuko karibu na mama yake. Kisha kuna Marguerite de Valois, aliyevaa taji lake mwenyewe. Huyu alikuwa mke wa kwanza wa Henri. Walioana Agosti 1572, na siku chache baada ya harusi yao Wafaransa Waprotestanti waliokuja Paris kushangilia walichinjwa katika mauaji ya Mtakatifu Bartholomayo. Ndoa haikuleta mtoto, ikatanguliwa mwaka 1599 ili Henri aoe tena. Na sasa, mwaka 1610, anatembea katika msafara wa mwanamke aliyechukua nafasi yake. Katika kundi hilohilo yumo Chevalier de Vendôme, aliyepewa kubeba mkono wa haki, ile fimbo ya kifalme yenye umbo la mkono kileleni. Kijana huyu hakuwa mwana wa Marie. Mama yake alikuwa Gabrielle d'Estrées, hawara wa mfalme.

Simama hapo kidogo. Mke aliyeachwa na mwana wa hawara wamesimama ndani ya picha iliyoagizwa na mke wa pili, na wote wamepewa heshima. Rubens hakuwabuni, walikuwapo kweli. Lakini kuwaweka mahali panapoonekana lilikuwa jambo la kuchagua. Maadui wa Marie walikuwa wamewahi kuuliza kama ndoa yake ilikuwa safi, maana Henri alikuwa amempa mwanamke mwingine ahadi ya ndoa kwa maandishi kabla ya kumwoa yeye. Picha inawajibu bila kufungua mdomo: tazameni, hata wale ambao wangekuwa na sababu ya kupinga wamekuja, wamevaa, wamebeba alama za ufalme, wanafuata nyuma.

Shahidi mkuu yuko juu. Nyuma, katika baraza lililoinuliwa, Henri anatazama. Hili ni sahihi kihistoria, kwa kuwa mfalme hakuwa na nafasi katika taji la mkewe. Alikaa pembeni, juu, akiangalia. Rubens angeweza kumwacha gizani. Badala yake alimpa nafasi inayotosha jicho kumpata, kwa sababu kesi yote ya Marie inasimama juu ya mtu huyu. Madaraka yake hakuyapora. Aliyapewa na mume aliye hai, mwenye akili timamu, mbele ya kanisa zima. Na mtazamaji wa mwaka 1625, aliyejua kuwa mtu yule wa barazani alibakiwa na takribani siku moja tu ya kuishi, hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Juu ya kichwa cha Malkia wanaelea wawili wenye mabawa wakimwaga sarafu za dhahabu. Kurushia watu sarafu ilikuwa desturi ya sherehe za kifalme. Rubens aliichukua desturi hiyo akaipandisha mbinguni, neema ikawa inateremka kupitia Marie. Katika picha nyingine nyingi za mfululizo huu miungu ya Kigiriki na Kirumi imejaa hadi inachosha. Marie akishuka melini Marseille, majini wa kike wanachomoza uchi baharini kumlaki. Hapa hakuna fujo hiyo. Viumbe wawili tu wa kufikirika, na waliobaki ni binadamu wenye majina. Nadhani ndiyo sababu picha hii ina nguvu kuliko nyingi za jirani zake. Pale Rubens alipokuwa na hoja ya kweli, hakuhitaji kuipamba sana.

Na kuna mbwa. Wako mbele kabisa, sakafuni, mbwa wa Malkia, hawana habari na kardinali wala taji. Kwa mtu anayefanya kazi ya propaganda, kuweka mbwa mbele ya madhabahu ni uamuzi wa kijasiri, lakini mbwa wale ndio wanaotufanya tuamini. Sherehe iliyopangwa kupita kiasi hunuka uongo. Mnyama anayezurura anatuambia kuwa pale palikuwa na siku halisi, yenye joto la miili, kelele na kusubiri kwingi.

Na Gothiki yenyewe je? Hapa Rubens anatushangaza, kwa kuwa kanisa alilolisifia Suger halionyeshwi kwa kupimwa nguzo kwa nguzo. Zama zilezile, Pieter Saenredam wa Haarlem alikuwa anaingia makanisani na kamba ya vipimo, anachora kila tao kwa hesabu, na watu anawaweka wadogo kabisa. Antwerp nako Peeter Neeffs aliuza picha za ndani ya kanisa kuu la mji huo, kina kirefu cha nguzo na watu wachache wa kupamba. Rubens aliijua nafasi ya Gothiki kuliko wengi: picha zake kubwa za altare, *Kuinuliwa kwa Msalaba* na *Kushushwa Msalabani*, leo ziko ndani ya kanisa kuu hilohilo la Antwerp. Lakini Saint-Denis aliirudisha nyuma. Aliibakizia urefu wa kwenda juu, kivuli, na baraza la watazamaji. Nafasi iliyobaki aliijaza watu. Kwa agizo hili alikuwa sahihi. Marie hakuhitaji kumbukumbu ya mawe, kwani mawe yalikuwapo yakimsubiri yeyote atakayekwenda kuyaona. Alihitaji jina la mahali, uzito wa makaburi yale ya chini ya sakafu, na nyuso za walioshuhudia.

Rubens alikuja Paris mara tatu kwa kazi hii, mwaka 1622, 1623 na 1625. Turubai zilichorwa Antwerp, zikaviringishwa, zikasafirishwa, zikamaliziwa kwenye kuta zenyewe. Siku ya mwisho ya kumaliza ilikuwa imepangwa na harusi: Henriette, binti mdogo wa Marie, alikuwa anaolewa kwa uwakilishi na Charles I wa Uingereza, na Malkia mama alitaka ukumbi wake uwe tayari kwa wageni. Harusi ilifanyika Notre-Dame, kanisa kuu la Gothiki la Paris, tarehe 11 Mei 1625. Rubens alikuwapo kama mtazamaji, juu ya majukwaa ya mbao yaliyojengwa kwa ajili ya umati. Jukwaa moja likaporomoka. Yeye alibaki salama kwenye kipande cha jirani, lakini Valavez, ndugu yake Peiresc aliyekuwa naye, alianguka pamoja na wengine wengi na kuumia kichwani. Siku mbili baadaye Rubens alimwandikia Peiresc kumpa habari. Naipenda barua hiyo kwa sababu inatuweka karibu na sherehe halisi ya kifalme ndani ya kanisa la Gothiki: mbao zinazovunjika, watu waliobanana, damu usoni. Mtu aliyezoea kuzipanga sherehe kwenye turubai mpaka kila kidole kikae mahali pake alijua vizuri sana jinsi zinavyokuwa ukisimama ndani yake.

Katika barua hiyohiyo kuna jambo jingine, na kwangu ndilo ufunguo wa mfululizo wote. Rubens anaeleza kuwa Mfalme Louis XIII amekuja kuutazama ukumbi. Abate wa Saint-Ambroise, mtu wa Malkia, ndiye aliyetembea naye akimweleza maana ya kila picha, na Rubens anasema wazi kwamba abate huyo aliificha au kuibadilisha maana ya kweli kwa ustadi mkubwa. Mwana aliyemfukuza mama yake anapitishwa mbele ya utetezi wa mama huyo, na mkalimani anahakikisha haelewi. Barua ina tarehe 13 Mei 1625. Ilikuwa miaka 15 kamili tangu taji la Saint-Denis.

Picha iliyopangwa kando ya ile ya taji ina ukubwa uleule, na inahusu Ijumaa. Kisu hakimo. Ravaillac hamo, wala gari, wala mtaa wa Ferronnerie. Upande mmoja Henri anainuliwa mbinguni na Jupita na Saturno. Upande wa pili Marie ameketi akiwa na nguo nyeusi za mjane, wakuu wa Ufaransa wamepiga magoti wakimsihi ashike dola, naye anakabidhiwa tufe la mamlaka. Chini kuna nyoka aliyechomwa mshale, na huyo ndiye mabaki pekee ya uhalifu. Picha hizo mbili zinasomwa pamoja. Ya kwanza inasema mume aliridhia, ya pili inasema taifa liliomba.

Karibu miaka 180 baadaye alikuja mtu mwingine aliyehitaji ushahidi wa namna hiyo. Napoleon alijivika taji Notre-Dame tarehe 2 Desemba 1804, na Jacques-Louis David akapewa kazi ya kuchora. David aliisoma picha ya Rubens kwa makini. Joséphine wake amepiga magoti kama Marie, joho limemwagika nyuma vilevile, na barazani juu amewekwa mama yake Napoleon, ambaye siku ile hakuwapo kabisa Paris. Rubens alimweka barazani mtu aliyekuwapo na kulifanya hilo kuwa hoja. David alimweka asiyekuwapo. Picha hizo mbili leo zinakaa ndani ya jumba moja, Louvre, na ningemshauri yeyote atakayefika huko azitazame siku moja, ya Rubens kwanza.

Utetezi wa Marie haukumfikisha mbali. Novemba 1630 alijaribu kumng'oa Kardinali Richelieu, mtu aliyempandisha cheo yeye mwenyewe, na mfalme akamchagua kardinali badala ya mama. Mwaka 1631 alivuka mpaka kuingia Uholanzi ya Wahispania, asirudi tena Ufaransa akiwa hai. Huko alimkuta mchoraji wake. Rubens, ambaye kufikia wakati huo alikuwa pia mwanadiplomasia wa Hispania, alimwandikia Olivares, waziri mkuu wa nchi hiyo, akimsihi amsaidie Malkia aliyefukuzwa. Haikufaa kitu. Marie alifariki tarehe 3 Julai 1642 huko Cologne, akiwa fukara, katika mji ambao Rubens aliishi utotoni. Mchoraji alikuwa amemtangulia kwa miaka miwili. Mwili wa Malkia ulirudishwa Saint-Denis ukazikwa kando ya Henri, na mwaka 1793 wanamapinduzi walifukua makaburi ya kifalme, yao yakiwemo, wakawatupa wote kwenye mashimo ya pamoja.

Ukumbi wa pili wa jumba la Luxembourg, ule uliokusudiwa kusimulia maisha ya Henri, haukukamilika kamwe, kwa sababu aliyeuagiza alikuwa ameshafukuzwa. Rubens alikuwa amekwisha kuanza. Turubai mbili kati ya hizo, moja ikimwonyesha Henri kwenye vita vya Ivry na nyingine akiingia Paris kwa ushindi, ziko katika makumbusho ya Uffizi mjini Firenze, mji aliozaliwa Marie. Sehemu zake kadhaa ni mistari ya kahawia tu, rangi haijawekwa, na baadhi ya askari bado hawana nyuso.